Kabla Mvua Haijanyesha: Hadithi ya Uumbaji na Mkulima wa Matiliku



Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwisho wa 2022, mvua ilikosa misimu mitano mfululizo katika sehemu nyingi kavu za Kenya. Huku kwetu Ukambani watu walipanda, wakangoja, wakapanda tena. Mtu akipanda mara ya tatu na asipate hata debe moja la ndengu, swali lake huwa si la kilimo tena. Huwa ni swali la moyo. Anauliza: "Kwani Mungu ametuacha? Ni kosa gani tulifanya?"

Swali hili tusilidharau. Linagusa imani, na pia linagusa kazi ya vikundi vyetu. Mtu anayeamini kwamba shamba lake limelaaniwa hachimbi mtaro. Kwa nini achimbe? Mama anayeamini kwamba Mungu amempa kisogo huja kwenye mkutano wa kikundi mara moja, mara mbili, halafu hukaa nyumbani. Jembe linaanza kuangukia moyoni kabla halijaanguka shambani.

Katika makala hii tutaitazama hadithi ya uumbaji iliyo katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 1 na ya 2. Wengi wetu tuliisikia tukiwa watoto wa Sunday school, na tukaiacha huko huko pamoja na picha za nyoka na tunda. Lakini hadithi hii imewekwa kwa ajili ya watu wazima wenye mikono iliyopasuka. Ina neno kwa kila mmoja wetu, na neno lenyewe linaanzia kwenye ardhi kavu.

NZAUI, MLIMA WENYE HADITHI

Sisi wa Matiliku hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta hadithi ya mwanzo wa watu. Tunao mlima wa Nzaui. Wazee wa Kikamba wamesimulia tangu zamani kwamba Mulungu aliumba mtu mume na mtu mke, akawaweka juu ya mwamba wa Nzaui pamoja na mifugo yao. Zile alama zilizo kwenye mwamba, husema wazee, ni nyayo za watu hao na za wanyama wao. Kisha Mulungu akaleta mvua kubwa, na kutoka kwenye vichuguu wakatokea mume na mke wengine. Wale wa kwanza wakazaa wavulana, wale wa kichuguu wakazaa wasichana. Mahari ikalipwa, watu wakaongezeka, na ng'ombe wakaongezeka.

Lakini waliposhiba walisahau kumshukuru aliyewaumba. Basi Mulungu akawaadhibu kwa njaa kubwa, wakatawanyika kutafuta chakula. Wengine wakawa Wakikuyu, wengine Wameru, na waliobaki ndio Wakamba. Kila msimulizi ana namna yake, lakini huo ndio mfupa wa hadithi.

Mtoto yeyote wa Ukambani anaelewa jambo la vichuguu. Mvua ya kwanza ikinyesha, kumbikumbi hutoka ardhini kwa maelfu. Wazee wetu waliona uhai ukitoka kwenye udongo uliolowa, nao wakatambua mkono wa Muumba. Walimpa majina: Mulungu, Ngai, Mumbi yaani yule aumbaye, na Mwatwangi, ambaye wazee husema ndiye aliyetenganisha vidole vyetu.

Ni katika eneo hilo hilo la Nzaui ambapo wamisionari wa Africa Inland Mission, wakiongozwa na Peter Cameron Scott, walifungua kituo chao cha kwanza mwezi wa Desemba 1895. Scott alikuwa kijana wa miaka 28. Alifariki kwa homa Desemba 1896. Basi kitabu cha Mwanzo kilipofika hapa hakikukuta watu ambao hawajawahi kujiuliza walitoka wapi. Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Mulango huko Kitui mwaka 1931, kasisi na msomi aliyejulikana dunia nzima, alifundisha kwa miaka mingi kwamba si wamisionari waliomleta Mungu Afrika. Mungu ndiye aliyewaleta wao.

Hadithi hizi mbili, ya Nzaui na ya Mwanzo, zinakubaliana mambo makubwa. Mtu hakujiumba. Mtu ni ndugu wa udongo. Uhai unahitaji mvua, na mvua haitoki mfukoni mwa mtu. Aliyepewa anapaswa kushukuru.

Lakini angalia mwisho wa hadithi ya Nzaui: njaa imekuja kwa sababu ya kosa. Fundisho hilo ni zuri kwa mtu aliyeshiba, maana linamkumbusha shukrani. Likichukuliwa peke yake na mtu mwenye njaa, linamponda. Kila ukame unakuwa hukumu. Na hapo ndipo kitabu cha Mwanzo kinatuongezea jambo ambalo wengi hulipita haraka.

MSTARI TUNAOUPITA HARAKA

Kitabu cha Mwanzo kinasimulia uumbaji mara mbili. Mara ya kwanza ni kuanzia sura ya 1 mpaka mwanzo wa sura ya 2. Hapo dunia inaanza ikiwa na maji mengi na giza, na Mungu anatenganisha: nuru na giza, maji ya juu na ya chini, bahari na nchi kavu. Siku tatu anatenga nafasi, siku tatu nyingine anazijaza.

Mara ya pili inaanza kwenye sura ya 2 mstari wa 4, na hapo mambo ni mengine kabisa. Hakuna mafuriko. Kuna ardhi kavu. Wasomi wengi wa Biblia wanasema simulizi hii ya pili ina harufu ya mkulima wa milimani katika nchi ya Palestina, mtu ambaye hana mto mkubwa wa kumwagilia shamba. Alitegemea mvua za vipindi, zile ambazo Yakobo anazitaja katika barua yake, sura ya 5 mstari wa 7: za kwanza na za mwisho. Je, huyo si jirani yetu? Sisi nasi tunangoja mvua za Oktoba hadi Desemba, halafu zile za Machi hadi Mei.

Sasa fungua Mwanzo 2:5 usome polepole. Mstari unasema kwamba hapakuwa bado na mche wala mmea wa shambani, na unatoa sababu mbili. Ya kwanza, Mungu alikuwa bado hajaleta mvua. Ya pili, hapakuwa na mtu wa kuilima ardhi.

Hebu tusimame hapo. Nyoka bado hajatajwa. Tunda bado halijaliwa. Hakuna aliyekosa, kwa sababu hakuna mtu kabisa. Na ardhi tayari ni kavu.

Kumbe ukavu ulikuwepo kabla ya dhambi! Katika simulizi hii, ardhi kavu si alama kwamba Mungu ameondoka. Ndipo mahali alipoanzia kazi. Ni shamba ambalo bado halijakamilika, linalongoja vitu viwili, mvua na mtu.

Kuna atakayesema, "Lakini sura ya 3 inasema ardhi ililaaniwa, ikazaa miiba na michongoma." Ni kweli, na tusiifiche. Mwanzo 3:17-19 inasema kazi ya mtu imekuwa ya jasho na uchungu kwa sababu ya uasi. Sisi wenyewe tumeona jinsi uovu wa watu unavyoumiza ardhi: miti ikikatwa ovyo kwa makaa, mchanga ukichotwa wote mtoni, maji hupotea. Kwa hivyo kuna ukavu unaoletwa na mikono ya watu, na huo tuutubu kwa matendo. Lakini si haki kumwambia mama aliyepanda kwa wakati, akapalilia, akaomba, na mvua ikakosa, ati anaadhibiwa. Biblia haimpi mtu yeyote ruhusa ya kusema hivyo. Rafiki zake Ayubu walijaribu maneno ya namna hiyo, na mwisho wa kitabu Mungu aliwakemea.

WEWE NI WA PILI KATI YA VITU VIWILI

Sababu ya pili katika mstari ule inastahili kumfanya mtu aketi chini. Hapakuwa na mtu wa kuilima ardhi. Kwa maneno mengine, mvua peke yake haikutosha. Mungu anaweza kuleta mvua, na bado shamba likakosa kitu. Kitu hicho ni wewe.

Watu wengi vijijini wamefundishwa kujiona wadogo. Maskini, asiyesoma, mlalahoi. Mwanzo inasema kwamba kabla ya bustani kuwepo ulihitajika mtu, na huyo hakuwa mfalme wala tajiri. Alikuwa mkulima.

Mstari wa 7 unasema Mungu alimfinyanga mtu kwa mavumbi ya ardhi akampulizia pumzi ya uhai. Katika Kiebrania, lugha ya asili ya kitabu hiki, mtu ni adamu na ardhi ni adama. Majina hayo ni kama mama na mtoto. Na kile kitendo cha kumfanya mtu ni kitendo cha mfinyanzi wa vyungu, kama yule wa Yeremia sura ya 18. Wamama wa Kikamba waliofinyanga vyungu wanajua kazi hiyo: udongo haupigwi ngumi, unabembelezwa kwa vidole. Jina Mumbi na neno letu kuumba ni ndugu wa ukoo mmoja. Kwa hivyo wazee wetu na Mwanzo wanakutana hapa tena.

Chukua jambo hili uliweke kwako binafsi. Una vitu viwili ndani yako: udongo na pumzi. Kwa sababu ya udongo unachoka, unaugua, unazeeka, unahitaji maji na chakula. Hiyo si aibu wala ukosefu wa imani. Kwa sababu ya pumzi, hakuna mtu anayeweza kukufanya kuwa kitu bure. Ukijisahau kwamba wewe ni udongo, utakuwa na majivuno. Ukijisahau kwamba una pumzi ya Mungu, utakata tamaa. Mtu mzima ni yule anayekumbuka yote mawili.

Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977 na kupewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, alikuwa na mzaha wake kuhusu jambo hili. Alisema kwamba kama Mungu angemuumba mtu siku ya Jumanne, Jumatano mtu huyo angekuwa amekufa, kwa maana hangepata chochote cha kumweka hai. Mimea, maji na wanyama vilitutangulia. Vyenyewe vinaweza kukaa bila sisi, sisi hatuwezi kukaa bila vyenyewe. Tunacheka, lakini ni funzo la unyenyekevu.

KULIMA NI IBADA

Mwanzo 2:15 unasema mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Bustani yenyewe ilipandwa na Mungu, soma mstari wa 8. Mpanda miti wa kwanza katika Biblia ni Mungu mwenyewe.

Neno la Kiebrania lililotafsiriwa kulima ni lile lile linalotumika kwa kumtumikia Mungu. Na neno la kutunza maana yake ni kulinda, kama mlinzi alindavyo. Maneno haya mawili yanatumika pamoja pia katika Hesabu 3:7-8, yakieleza kazi ya Walawi katika hema la ibada. Kwa hivyo usifikiri kwamba ibada ni Jumapili na jembe ni Jumatatu. Mtu anayechimba mtaro vizuri, udongo usichukuliwe na maji, anafanya kazi ya aina moja na yule anayehudumu madhabahuni.

Na tena kazi hii ilitolewa kabla ya dhambi. Jasho la uchungu lilikuja baadaye. Kazi yenyewe ni zawadi.

Historia ya Ukambani inatuonyesha tofauti kati ya kazi ya zawadi na kazi ya utumwa. Mwaka 1937, ofisa wa serikali ya kikoloni aitwaye Colin Maher aliandika ripoti juu ya mmomonyoko wa udongo Ukambani. Picha aliyoichora ilikuwa ya nchi inayoelekea kuwa jangwa. Mwaka 1938 serikali ilianza kuwanyang'anya watu ng'ombe kwa nguvu ati ili kuokoa ardhi. Wakamba wakiongozwa na Muindi Mbingu waliandamana mpaka Nairobi kupinga. Baadaye watu walilazimishwa kuchimba matuta, na wengi waliyachukia.

Lakini tazama kilichotokea. Mwaka 1932 wilaya ya Machakos, ambayo wakati ule ilikuwa pamoja na Makueni, ilikuwa na watu karibu 240,000. Mwaka 1989 walikuwa karibu milioni 1.4. Watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu mwaka 1994 wakionyesha kwamba ingawa watu walikuwa wengi hivyo, mmomonyoko ulikuwa umepungua na miti mashambani imeongezeka. Kwa nini? Sababu ni nyingi, soko na barabara zikiwemo. Lakini moja yao ni kwamba watu walichimba matuta ya fanya juu wenyewe, kwa hiari, katika vikundi vyao vya mwethya. Unachimba mtaro kufuata usawa wa mteremko, unatupa udongo upande wa juu, maji yanasimama badala ya kukimbia.

Jembe ni lile lile, na mtaro ni ule ule. Kilichobadilika ni moyo wa mchimbaji. Aliyelazimishwa alichimba kwa kuogopa chifu. Aliyejua shamba ni amana yake alichimba kwa ajili ya wajukuu.

MAJI KUTOKA CHINI

Kuna mstari mwingine mdogo, Mwanzo 2:6, unaosema kwamba kabla ya mvua kulikuwa na kitu kilichopanda kutoka ardhini kikailowesha nchi. Kuna Biblia ya Kiswahili inayosema ukungu. Watafsiri wengine wanasema ni chemchemi, maji yanayobubujika kutoka chini.

Mtu wa Ukambani hahitaji kuelezwa. Mito yetu mingi hukauka juu, lakini ukichimba mchanga unapata maji. Bwawa la mchanga linatumia siri hiyo. Ukuta wa zege unajengwa kukatiza mto wa msimu, mahali penye mwamba chini. Mafuriko yanaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na kati ya punje za mchanga maji yanakaa. Yanaweza kufikia kati ya robo na asilimia 40 ya ukubwa wote wa mchanga ule. Jua haliyanyonyi upesi. Kikundi cha Utooni kilianza mwaka 1978, kikawa mfano mkubwa wa ujenzi huo. Huko Kitui, shirika la SASOL pamoja na wananchi limejenga mabwawa zaidi ya 500.

Na hapo ndipo neno la kutunza, yaani kulinda, linapopata maana. Mchanga ukiisha, maji yamekwisha. Magari ya mchanga yameleta ugomvi Ukambani, na watu wamepoteza maisha. Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015. Sheria ni nzuri, lakini sheria haikai mtoni usiku. Wanaokaa mtoni ni wewe na jirani yako.

Katika maisha ya roho pia ni hivyo. Wakati wa ukame wa moyo, juu hakuna kitu. Maombi ni makavu, nyimbo hazipandi. Usiseme maji hayapo. Chimba. Maneno uliyofundishwa na nyanya yako, wema uliotendewa, neema zilizopita, vimekaa chini kama maji mchangani.

SI VEMA AWE PEKE YAKE

Katika sura ya 1 kila kitu kinaitwa chema. Jambo la kwanza kuitwa si jema liko katika Mwanzo 2:18, nalo ni mtu kuwa peke yake. Hili nalo ni kabla ya dhambi. Upweke si kosa la mtu, ni upungufu unaohitaji kujazwa.

Mungu anasema atamfanyia msaidizi. Wanaume wengine wamelitumia neno hilo kumfanya mke awe kama kijakazi. Lakini neno la Kiebrania lililoko hapo hutumiwa pia kwa Mungu mwenyewe, anapowasaidia watu wake. Soma Zaburi 121. Je, Mungu ni kijakazi wetu? Hasha! Msaidizi wa namna hiyo ni yule ambaye bila yeye huwezi kusimama.

Wamama ndio wengi katika vikundi vyetu vya kujisaidia. Ndio wanaobeba mawe na mchanga kwenda bwawani. Mama, ukiisoma hadithi hii, usijisome kama mtu wa nyongeza. Na wewe baba, ukiisoma, jiulize kama kikundi cha mwethya kinakuona siku ya kazi, au siku ya kugawana tu.

SIKU INAANZA NA KUPUMZIKA

Vijana waliosoma sekondari huuliza kama siku zile sita zilikuwa za saa 24. Swali hilo si geni. Augustino wa Hippo, askofu wa Afrika Kaskazini aliyefariki mwaka 430, alijiuliza siku za kwanza zilikuwa za namna gani iwapo jua liliumbwa siku ya nne. Tusigombane vikundini kwa ajili ya hilo. Mwalimu wa sayansi anaeleza vitu vilifanyika vipi. Mwanzo inatuambia vimetoka kwa nani na vinatuhusu nini.

Tuangalie badala yake jambo moja ambalo linamgusa kila mmoja. Katika Mwanzo siku inahesabiwa jioni kwanza, halafu asubuhi. Hata Waswahili wa pwani wana hesabu hiyo: usiku wa kuamkia Ijumaa wanauita usiku wa Ijumaa. Siku inaanza watu wakilala, na Mungu yuko kazini. Asubuhi wewe unaamka na kukuta kazi imeshaanza.

Tena mtu aliumbwa siku ya sita. Siku yake ya kwanza nzima duniani ilikuwa siku ya saba, siku ya mapumziko. Alikuwa hajachimba hata shimo moja, na tayari alikuwa amekaribishwa kupumzika. Thamani yake haikutokana na magunia aliyovuna.

Neno hili linamfaa sana mama anayeamka saa kumi alfajiri kufuata maji na kulala saa tano usiku. Kikundi kinaweza kumsaidia: tanki moja karibu na nyumba ni dakika nyingi za sabato.

NAMNA YA KUISOMA WEWE MWENYEWE

Usitosheke na kuelezwa. Chukua wiki moja. Kila siku soma Mwanzo sura ya 2 yote, polepole, ikiwezekana ukiwa umekaa nje mahali unapoona shamba lako. Soma kwa lugha unayoiota usiku. Kama ni Kikamba, soma Kikamba. Ukifika mahali moyo unaposhtuka, simama. Usiharakishe kumaliza. Kisha shika udongo mkononi, vuta pumzi, useme kwa maneno yako mwenyewe: hivi viwili ndivyo mimi.

Asiyejua kusoma asomewe. Hadithi hii ilisimuliwa kwa mdomo kabla haijaandikwa.

Baada ya hapo, kikundi kikutane na kujadili maswali haya:

1. Mvua ilipokosa, tulisema nini juu ya Mungu? Tuliambiana nini sisi kwa sisi? Je, kuna mtu tuliyemwongezea mzigo kwa maneno yetu?

2. Katika mashamba na mito yetu, ni ukavu gani tumeukuta, na ni upi tumeuleta kwa mikono yetu?

3. Hadithi ya Nzaui inatukumbusha shukrani. Mavuno yakija, kikundi chetu kitashukuru kwa njia gani inayoonekana?

4. Ni nani katika kijiji chetu yuko peke yake? Nani atamtembelea wiki hii?

5. Kabla ya mvua zijazo, ni kazi gani moja iliyo mikononi mwetu ambayo haingoji wingu? Nani ataanza, na lini?

Swali la tano lijibiwe kwa majina na tarehe, liandikwe kwenye kitabu cha kumbukumbu. Mvua tumwachie mwenye mvua, tumwombe bila kuchoka. Lakini siku itakaponyesha, isikute tena kile kilichokosekana katika Mwanzo 2:5. Itukute tuko shambani, matuta yakiwa tayari.